Kware Aliyetoroka na Kware Mgeni

Kware ni ndege mdogo wa ukoo mmoja na kuku, naye hukaa chini katika nyasi. Umbo lake ni la mviringo, mkia wake mfupi, na manyoya yake yana rangi ya udongo na majani makavu, hata mtu aweza kupita karibu naye asimwone. Wajaluo humwita aluru, na Waluhya humwita isindu. Habari zake twazisoma hata katika Biblia, maana ndio ndege waliofunika kambi ya Waisraeli jangwani wakati wa jioni. Nayo si ajabu, kwa kuwa hata leo kware wa Ulaya huikimbia baridi ya kwao kila mwaka, wakavuka bahari na kupita nchi ya Sinai, na wanaposhuka huwa wamechoka sana.

Lakini kware wengi wanaofugwa katika nchi zetu si hao wa porini. Ni wa aina ya Ujapani, ambako watu walianza kuwafuga zamani sana kwa ajili ya kusikiliza sauti zao, na baadaye kwa ajili ya mayai na nyama. Jike wa aina hii huanza kutaga akiwa na umri wa majuma 6 hivi au 8. Yai lake lina uzito wa gramu 10 kadiri, nalo huanguliwa kwa siku 17 au 18. Dume hujulikana kwa kifua chake chekundu kama kutu. Kifua cha jike kina madoadoa meusi. Kwa kuwa hula kidogo na nafasi yao ni ndogo, hata mwanafunzi aweza kuwafuga, na mayai yao yakamsaidia kununua madaftari yake.

Hata hivyo, mambo mawili huweza kuiharibu kazi ya miezi mingi kwa siku moja. La kwanza ni mlango ulioachwa wazi. La pili ni ndege mgeni aliyeingizwa kizimbani kwa haraka. Katika somo hili tutaeleza jinsi ya kumrudisha kware aliyetoka, na jinsi ya kumpokea mgeni asiwadhuru wenyeji wala wenyeji wasimdhuru yeye.

1. Kware anapotoka huenda wapi?

Watu wengi hudhani kwamba ndege akiisha toka amekwenda zake kabisa. Sivyo. Kware hapendi kuruka, hupenda kutembea. Akishtuka, huruka juu ghafula kama jiwe lililotupwa, kisha hwenda mbele kidogo, akashuka na kujificha katika majani. Hapo hujikunyata asitikisike, akitumaini rangi yake imfiche. Kwa hiyo, mara nyingi ndege unayemtafuta ng'ambo ya mto yu karibu nawe, chini ya kichaka cha nyuma ya nyumba.

Tena kware si ndege wa upweke. Akiwa peke yake huwatafuta wenzake kwa sauti, hasa alfajiri na jua linapokuchwa. Dume aliyetengwa na jike wake huita zaidi. Shikeni neno hili sana, maana ndilo msingi wa njia zote za kumrudisha: ndege aliyetoka anataka kurudi kwa wenzake, bali hajui mlango. Kazi yetu ni kumwonyesha mlango, si kumfukuza.

Lakini yafaa kujua pia kwamba muda wake si mrefu. Ndege aliyezaliwa kizimbani hajui kutafuta chakula, wala hajui adui zake. Mchana mwewe na kunguru humwona. Usiku paka, nguchiro, nyoka na siafu humpata. Kwa hiyo, mtoto aliyetumwa kuwalisha ndege wa nyumbani, akaona wametoka, asinyamaze kwa kuogopa kukemewa. Aseme mara moja. Ndege akitafutwa saa ile ile, yaelekea atapatikana. Akifichwa habari zake mpaka asubuhi, pengine yatakutwa manyoya tu. Kukemewa hupita upesi, lakini ndege aliyeliwa harudi.

2. Namna ya kumrudisha

Kwanza, funga mlango, kisha hesabu waliosalia. Wapo watu ambao wakiona ndege mmoja ametoka humkimbilia huyo, na nyuma yao wengine 5 hutoka. Waliosalia ndio mali yako. Tena ndio watakaokusaidia kumwita mwenzao.

Pili, tuliza mahali. Mbwa afungwe, paka afungiwe ndani, na watoto wadogo waitwe nyumbani. Mtu mmoja asimame, akaze macho mahali ndege aliposhuka, wala asigeuke mpaka wenzake wamefika. Majani yote hufanana, na mtu akiondoa macho mara moja tu hataweza kupajua tena.

Tatu, mwongoze kwa miguu yake mwenyewe. Watu wawili au watatu washike shuka ndefu au wavu, upindo wake ukigusa nchi, nao waende polepole sana kama watu wachungao vifaranga. Mbele, penye ukuta au ua, laza tundu lenye mlango wazi, na ndani yake tia nyasi na mtama kidogo. Kware akitembea, nanyi tembeeni. Akisimama, nanyi simameni. Akijikunyata na kuinua kichwa, ndiyo dalili ya kwamba anataka kuruka. Basi rudini nyuma hatua moja mngoje. Haraka haraka haina baraka.

Nne, ikiwa hamkumwona, tumieni ndege wa kuita. Njia hii si ngeni. Katika nchi za Nyanza na magharibi ya Kenya, wazee tangu zamani wamewatega kware wa porini kwa werevu mwingi. Huwatia ndege hai katika vikapu vidogo, nao huvitundika vikapu katika mti mrefu uliosimamishwa shambani. Ndege hao huita alfajiri, na wale wa porini husikia, wakaja wakitembea katika njia zilizofyekwa chini ya mti ule, nao hunaswa kwa vitanzi. Sisi hatutaki vitanzi, maana kitanzi hukata mguu, na ndege wetu twamtaka mzima. Lakini elimu ile ya kuita yatufaa.

Fanya hivi. Chukua tundu moja, utie ndani yake ndege wawili au watatu, na dume mmoja awe kati yao. Liweke chini mahali pa wazi, karibu na pale alipopotea mwenzao, nusu yake ikiwa na kivuli. Kando yake weka mtego wa upole: sanduku jepesi au ungo mkubwa ulioinuliwa upande mmoja kwa kijiti, na kijiti kimefungwa uzi mrefu. Chini ya sanduku weka maji na chakula kile kile alichokizoea, na ukimwage kidogo kidogo kuwa njia ya kumfikisha hapo. Kisha kaa mbali umejificha, uzi mkononi. Akiingia, ngoja mpaka ameinama kula, ndipo uvute. Kama humwagia ndege wako chakula kwa kugonga kopo, ligonge kopo lile lile, maana ndege hujua sauti ya chakula chake. Usiwaache ndege wa kuita peke yao hata kidogo, wala juani, wala usiku. La sivyo, utapoteza wengine katika kumtafuta mmoja.

Tano, ukishindwa mchana, jaribu usiku. Kware hulala chini, wala hapandi mtini kama kuku. Magharibi sikiliza sauti yake, ukaone mahali inapotoka. Giza likiisha kuingia, nenda pamoja na mtu mzima, mmevaa viatu kwa ajili ya nyoka. Mmoja ashike taa na kummulika ndege. Mwingine amfunike kwa wavu wa kitambaa chepesi. Ndege aliyemulikwa usiku mara nyingi hutulia mahali pake.

Sita, ukimpata, mshike kama mtu ashikavyo yai. Zungusha mikono miwili juu ya mabawa yake ili asiyapige, wala usimkaze kifua, maana ndege hupumua kwa kukitanua kifua chake, na akibanwa hufa mkononi. Usimkamate kwa mguu kamwe. Mguu wa kware ni mwembamba kama kijiti cha kibiriti.

Iwapo hakurudi siku ya kwanza, usikate tamaa. Rudisha tundu la kuita mahali pale pale alfajiri ya pili na ya tatu. Subira yavuta heri.

3. Baada ya kurudi

Ndege aliyerudi asitupwe kizimbani mara moja. Mweke katika tundu dogo lenye kivuli, umpe maji, umtazame. Je, ana jeraha kichwani au bawani? Je, anachechemea? Je, ana chawa au utitiri chini ya manyoya? Ikiwa alitoka kwa saa chache tu, wala hakuumia, aweza kurudishwa jioni ile ile. Lakini ikiwa amekaa nje siku kadhaa, akala pamoja na kuku wa watu na ndege wa porini, basi huyo amekuwa mgeni, na apokewe kama mgeni, jinsi tutakavyoeleza.

Tena litafute tundu alilotokea. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kizimba chema cha kware kina milango miwili, mmoja nyuma ya mwingine, ili mtu afunge wa nje kabla ya kufungua wa ndani. Matundu ya waya yawe madogo, wasipite vifaranga wala panya, na waya ufukiwe ardhini kiasi cha sentimita 30, asipenye mnyama wa kuchimba. Paa nalo lina sheria yake. Kwa kuwa kware huruka juu ghafula, akigonga kichwa katika kitu kigumu huweza kufa. Basi ama paa liwe chini sana, kama sentimita 25 au 30, asipate nguvu ya kuruka; ama liwe juu kupita kimo cha mtu, na chini yake pawe na wavu laini.

4. Kumpokea mgeni

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa wanadamu neno hili ni jema. Kwa kware halifai, kwa maana mgeni wa kware yampasa kutengwa siku 30.

Kwa nini siku nyingi hivi? Kwa sababu ndege aweza kuwa na ugonjwa ndani yake, na kwa macho akaonekana mzima. Kideri, ambacho huitwa pia mdondo, ni ugonjwa uuao kuku wa kijiji kizima. Kware aweza kuuchukua bila kuonyesha dalili nyingi. Uko pia ugonjwa wa matumbo unaowapata kware zaidi ya ndege wengine, ambao huenezwa kwa kinyesi na huua upesi. Kuna minyoo, tena kuna utitiri. Ndege aliyenunuliwa sokoni amekaa karibu na ndege wa nyumba nyingi, na hakuna ajuaye alichokipata huko. Mtu akimwingiza siku ile ile, ni kama aliyenunua moto akautia katika paa la nyasi.

Tundu la mgeni liwe mbali na kizimba, upande ambao upepo hautoki kwake kwenda kwa wenyeji. Awe na chombo chake cha maji na chombo chake cha chakula, wala visichanganywe. Kila siku walishe wenyeji kwanza, mgeni awe wa mwisho. Kisha nawa mikono kwa sabuni, na kusafisha viatu. Ukifanya kinyume, miguu yako ndiyo itakayoupeleka ugonjwa. Mtazame kila asubuhi: macho yawe maangavu, pua kavu, kinyesi kigumu kiasi, na hamu ya kula iwepo. Akijikunja manyoya na kusinzia mchana, mwite afisa wa mifugo. Ndege akifa, usimle wala usimpe mbwa. Mwonyeshe afisa, kisha azikwe chini sana au achomwe.

Usiwaweke kware pamoja na kuku katika banda moja, hata wakionekana kupatana. Kuku humkanyaga na kumdonoa kware, tena huweza kuambukizana magonjwa.

5. Kumchanganya na wenyeji

Siku 30 zikiisha, na mgeni akiwa mzima, bado lipo jambo la pili. Kware ni mdogo, bali ana hasira kubwa. Wenyeji huona kizimba kuwa mji wao, na mgeni akiingia ghafula humshambulia kichwani na machoni. Damu ikionekana, wengine wote huja kudonoa pale pale, na kwa saa moja ndege aweza kuuawa.

Kwa hiyo, fuata taratibu hii. Siku 7 za kwanza, weka tundu la mgeni ndani ya kizimba, waonane na kusikiana, lakini waya uwatenge. Mwanzoni watakimbia huku na huku wakipiga waya. Baadaye watazoea, na utawaona wakilala karibu karibu, waya katikati. Hiyo ni alama njema.

Siku ya kuwachanganya, badili mpango wa kizimba kwanza. Hamisha vyombo vya chakula, weka matita mapya ya nyasi na matawi, na beseni la mchanga mkavu wa kuogea. Hivyo hata wenyeji wataona kama wamehamia mji mpya, nao watashughulika kutazama kuliko kupigana. Weka chakula na maji mahali pawili au patatu, ili mwenye nguvu asiweze kuwazuia wanyonge. Yafaa pia kuwaingiza wageni wawili au watatu pamoja, maana mmoja peke yake hubeba mapigo yote. Waingize asubuhi siku ambayo huna safari, ukae utazame. Kufukuzana kidogo ni desturi yao. Lakini ukiona ndege amepandwa mgongoni asiachiliwe, au amengolewa manyoya ya kichwa, au damu, mtoe mchokozi, wala usimtoe aliyeonewa. Mchokozi akikaa mbali siku chache, akirudi yeye ndiye huwa mgeni, na kiburi chake hupungua.

Jambo la madume lina sheria yake. Fahali wawili hawakai zizi moja, na madume wawili wa kware katika kizimba kidogo ni vivyo hivyo. Dume mmoja kwa majike 3 au 4 yatosha. Vifaranga nao wasichanganywe na wakubwa mpaka wamekuwa sawa nao kwa kimo.

6. Wajibu wetu

Katika mwaka wa 2013 watu wengi wa Kenya walianza kufuga kware, kwa kuwa mayai yao yalisifiwa mno, na bei ikapanda sana. Serikali nayo iliwataka wafugaji wapate kibali cha idara ya wanyama wa pori. Katika mwaka wa 2014 bei ilianguka, na wengi waliona ndege wao wamekuwa mzigo. Hapo hujaribiwa moyo wa mfugaji. Mtu akichoka kufuga, asiseme, "Nitawafungulia mlango waende zao." Ndege wa Ujapani hana kwao katika mbuga zetu. Wengi watakufa kwa njaa na kwa meno ya paka. Nao watakaopona huweza kuharibu ukoo wa kware wa porini. Huko Ulaya imeonekana kwamba kware wa Ujapani walioachiliwa wamezaana na wale wa porini. Afadhali awape mfugaji mwingine, au awachinje kwa chakula. Na kabla ya kuanza, amwulize afisa wa wanyama sheria ya mahali pake.

Mnaona basi, enyi wanafunzi, kwamba mambo haya yote ni mamoja. Aliyetoka hurudishwa kwa upole, na aliyekuja hupokewa kwa taratibu. Mwenye kufuga amekubali kuwa mlinzi wa kiumbe kisichoweza kujilinda. Mlango ukifunguka, hesabu hiyo ni yake, si ya ndege.

Maswali

1. Kwa nini yafaa kufunga mlango na kuhesabu kabla ya kumtafuta ndege aliyetoka?
2. Eleza jinsi tunavyotumia ndege wa kuita. Njia yetu yatofautianaje na ile ya wazee?
3. Kwa nini mgeni hulishwa mwisho?
4. Ndege wakipigana, nani atolewe, na kwa sababu gani?
5. Kwa nini si vema kumwachilia kware wa Ujapani porini?